Senti Moja kwa Miaka 177: Amana Iliyokosa Daftari

Kiwanja namba 1305 kina ekari 40 tu. Kipo katika ardhi ya kabila la Sisseton-Wahpeton, kaskazini mwa Marekani. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipokitaja katika hukumu ya mwaka 1987, kilikuwa na wamiliki 439. Thamani yake ilikadiriwa kuwa dola 8,000, na kodi iliyoingia kwa mwaka ilikuwa dola 1,080. Mwenye fungu dogo kuliko wote alistahili senti moja kila baada ya miaka 177. Serikali, iliyokuwa mdhamini wa kiwanja hicho, ilikisia kwamba kukisimamia kulikula dola 17,560 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya bei ya kiwanja chenyewe.

Mkanganyiko huo ulianza miaka 100 kabla ya hukumu. Februari 1887 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Dawes, iliyovunja ardhi ya pamoja ya makabila ya wenyeji na kuigawa kwa watu binafsi. Mkuu wa familia aliweza kupewa hadi ekari 160. Lakini hati hakukabidhiwa; serikali ilijifanya wasii wake kwa miaka 25, na mwaka 1934 muda huo ukaongezwa bila kikomo. Ekari zilizobaki baada ya mgao ziliuzwa kwa walowezi. Makabila yaliyokuwa na ekari milioni 138 mwaka 1887 yalibakiwa na takriban milioni 48 kufikia 1934.

Kazi ya wasii huyo ilionekana nyepesi: kukodisha malisho, misitu na visima vya mafuta, kukusanya malipo, kisha kumtumia kila mwenye mali hundi yake. Wenye ardhi walipofariki, mara nyingi bila wosia, watoto na wajukuu walirithi mafungu ya kiwanja kilekile, maana ardhi yenyewe haikukatwa. Kila msiba uliongeza majina daftarini.

Na daftari lenyewe halikuwa moja. Kumbukumbu za umiliki zilikuwa ofisi hii, mikataba ya ukodishaji ofisi ile, na fedha kwingine kabisa. Hapakuwa na hesabu ya wadaiwa. Mpangaji asipolipa, hakuna kitabu kilichoonyesha kwamba anadaiwa. Karani aliandika kilichofika mezani, na kisichofika hakikumshughulisha mtu. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Huko hata habari ya kupotea ilikosa wa kuitoa.

Mwaka 1992 kamati ya Bunge ilitoa ripoti kali kuhusu usimamizi wa fedha hizo. Wakaguzi wa kampuni ya Arthur Andersen, waliopewa kazi ya kulinganisha hesabu za makabila za miaka 1973 hadi 1992, walishindwa kupata nyaraka kamili za miamala ya dola bilioni 2.4. Oktoba 1994 ikapitishwa sheria ya mageuzi. Iliagiza salio la kila akaunti lijulikane siku kwa siku, wenye akaunti wapelekewe taarifa kila robo mwaka, na iundwe Ofisi ya Mdhamini Maalumu ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo huko Marekani hushughulikia ardhi na si polisi. Mdhamini Maalumu wa kwanza, Paul Homan, alikuwa mtu wa benki. Alijiuzulu Januari 1999 akilalamika kwamba amepunguziwa madaraka.

Wakati huo mwanamke mmoja wa kabila la Blackfeet, jimbo la Montana, alikuwa ameshachoka kungoja. Elouise Cobell alisomea uhasibu, akawa mtunza hazina wa kabila lake, na mwaka 1987 alishiriki kuanzisha benki ya kabila. Alipowauliza maofisa kuhusu akaunti zisizoeleweka, kwa maelezo yake mwenyewe, aliambiwa akajifunze kusoma taarifa za fedha. Juni 1996 alifungua kesi kwa niaba ya wenye akaunti wapatao 300,000. Dai lake la msingi lilikuwa moja: tupeni hesabu yetu.

Kesi hiyo ilianika mengi. Februari 1999 Jaji Royce Lamberth aliwatia hatiani Waziri wa Mambo ya Ndani Bruce Babbitt na Waziri wa Fedha Robert Rubin kwa kudharau mahakama, kwa kuwa nyaraka zilizoagizwa hazikuletwa. Baadaye ikagundulika kwamba Wizara ya Fedha ilikuwa imeharibu masanduku 162 ya kumbukumbu kesi ikiendelea. Mwaka huohuo programu mpya ya kompyuta, TAAMS, ilizinduliwa mjini Billings, Montana, lakini ikashindwa kazi iliyotarajiwa. Kompyuta haiwezi kusahihisha umiliki ambao haukuandikwa vizuri tangu mwanzo. Mwaka 2001 mtaalamu aliyetumwa na mahakama aliingia kwa urahisi katika mifumo yenye data hizo, na Wizara ya Mambo ya Ndani ikaamriwa kujitoa kwenye intaneti.

Mageuzi hayakuwa bure. Mfumo wa kisasa wa akaunti ulianza kutumika, taarifa zikaanza kutumwa, na mwaka 2004 nyaraka zikaanza kukusanywa katika hifadhi ya chini ya ardhi huko Lenexa, Kansas. Ila mhasibu hawezi kufunga hesabu asiyojua salio lake la kuanzia. Januari 2008 Jaji James Robertson alisema wazi kwamba hesabu kamili ya zaidi ya karne moja haiwezekani kwa fedha ambazo Bunge lingekubali kutoa.

Desemba 2009 pande mbili zilipatana kwa dola bilioni 3.4, na mwaka uliofuata Rais Barack Obama akatia saini sheria ya kuidhinisha mapatano hayo. Bilioni 1.5 zilikuwa za walalamikaji, na bilioni 1.9 za kununua mafungu yaliyomegeka ili yarudi kwa makabila. Cobell alifariki Oktoba 2011, kabla ya hundi ya kwanza kutoka.

Hundi hizo zilianza kutumwa Desemba 2012. Katika mgao huo wa kwanza kila mtu alipata dola 1,000, mwenye fungu la senti sawa na mwenye kisima cha mafuta, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema nani alipunjwa kiasi gani. Waliodai hesabu walilipwa fedha. Hesabu yenyewe hawakuipata.