Safu ya Lugha: Kombi

Neno "kombi", ambalo katika Kiswahili hutaja gari dogo la abiria lenye umbo la sanduku, lina asili ya Kijerumani, ambako ni kifupisho cha Kombinationskraftwagen, yaani gari linalounganisha kazi mbili, kubeba watu na kubeba mizigo. Volkswagen ilipoanza kuunda magari hayo mjini Wolfsburg mwaka 1950, kombi ilitofautiana na gari la mizigo la umbo hilohilo, ambalo ubavu wake ulizibwa kwa bati tupu, kwa kuwa na madirisha ya pembeni na viti vinavyong'oka. Viti hivyo ndivyo vilivyoiwezesha kampuni ya Westfalia, kuanzia mwaka 1951, kuigeuza kombi kuwa malazi ya safarini kwa kuiwekea samani ambazo mwenye gari aliweza kuziondoa likizo ilipokwisha. Anayechagua gari la kugeuza bado hupima tofauti hiyo: bati tupu hurahisisha kubandika kihami joto, yaani tabaka linalozuia joto na baridi kupenya, na huacha nafasi ya kabati, ilhali madirisha huleta mwanga na hewa bila kulazimu bati likatwe.