Kasiksi imechanganywa vibaya: namna ya kuitengeneza mbele ya kuitupa

Kasiksi ni pombe ya ndizi inayojulikana sana huku Kivu. Jirani zetu wa Rwanda wanaiita urwagwa, wa Uganda wanaiita tonto. Inataka juisi ya ndizi mbivu, maji, na unga wa mutama uliokaangwa. Vitu ni vitatu tu, lakini makosa mengi yanatokea pale pa kuchanganya. Kwa mama mwenye kulipa minervali ya watoto na bidoni moja ya litri 20, kosa dogo linakula faida ya juma nzima. Habari njema: ukiliona mapema, mara nyingi linatengenezeka.

Maji yamepita kipimo
Sukari ya ndizi ndiyo inageuka kuwa pombe. Maji yakizidi, kasiksi inakuwa nyepesi na inaharibika upesi. Dawa ya kwanza ni kuongeza juisi bila maji. Tuseme kipimo chako ni litri 5 za juisi kwa litri 1 ya maji: basi kila litri ya maji iliyozidi inaomba litri 5 za juisi.

Ndizi zimeisha? Tumia sukari. Grama 17 hivi kwa kila litri zinaongeza kama asilimia 1 ya pombe. Kwa litri 20 ni grama 340. Ichemshe na maji kidogo, iache ipoe, ndipo umimine. Usitie kilo kwa kilo, ju ladha ya ndizi itapotea.

Juisi ni nzito, haichachi
Siku mbili zimepita, ingali tamu, na povu ni kidogo? Sukari nyingi sana inachosha chachu. Ongeza litri moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, koroga polepole, ngoja mpaka kesho yake.

Lakini angalia kwanza baridi. Bukavu ao Butembo, usiku chachu inalala. Funika bidoni na blanketi, weka karibu na jiko, si juu yake.

Chachu imetiwa ndani ya moto
Wenye kuchemsha juisi na kutia levire ya mikate wanakosea hapa. Ikiwa moto, levire inakufa. Ngoja mpaka ukigusa chombo na mukono usisikie moto. Kisha amsha levire nyingine ndani ya kikombe cha maji ya vuguvugu na sukari kidogo. Kisha dakika 15, ikitoa povu, iko muzima: imimine.

Haikukorogwa vizuri
Sukari inashuka chini, unga unafanya mabonge. Ukionja ya juu utasema ni nyepesi, na chini iko nzito, halafu utaongeza kitu ambacho hakikuhitajiwa. Changanya unga na juisi kidogo ndani ya bakuli kwanza, kisha mimina yote na ukoroge kwa nguvu. Kuchacha kukianza, acha kukoroga kwa nguvu: hewa inaleta siki.

Kifuniko kimekazwa
Kuchacha kunatoa gazi. Bidoni ikivimba, legeza kifuniko kidogo kidogo, uso ukiwa mbali. Tangu hapo kiache kimelegea, na kitambaa safi juu.

Yale yasiyotengenezeka
Ikisha kuwa siki, sukari haitairudisha. Iweke kama siki ya kupikia, ao uimwage. Ikiota ukungu ao kunuka vibaya, mwaga tu. Bidoni iliyobeba mazutu ao dawa ya shamba haifai hata ukiiosha mara kumi.

Na hili ndilo kubwa kupita yote: usiongeze maji mabichi ya ziwa ao ya mto ili kasiksi ijaze bidoni. Kolera haijaondoka huku kwetu, na pombe ya kasiksi haina nguvu ya kuua vijidudu vyake. Maji yote yachemke kwanza, hata yale ya kusuuza kopo. Mwanamuke mwenye mimba na mutoto wasipewe, hata kidogo.

Mwisho, andika vipimo vyako kila mara: juisi ngapi, maji ngapi, unga ngapi. Ile iliyotoka vizuri utaijua namna ya kuirudilia, na ile iliyoharibika utajua ni wapi ulikosea.