Duka la Dawa Muhimu: Usalama na Ubora Kutoka Kabatini Hadi Kwenye Bahasha

Duka la dawa muhimu, kwa kifupi DLDM, ni duka la rejareja nchini Tanzania lenye kibali cha kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari pamoja na orodha fupi ya zinazokihitaji, zikiwemo baadhi ya antibayotiki na dawa mseto ya malaria. Lilianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuchukua nafasi ya duka la dawa baridi. Kisheria, duka la dawa baridi lilipaswa kuishia kwenye panado na dawa za kikohozi, lakini vijijini, ambako famasi ilikuwa mbali, waliojua kuuliza walipewa na nyingine. Badala ya kuendelea kufumba macho, serikali iliruhusu orodha ile kisha ikaweka masharti: jengo linalokaguliwa na mtoa dawa mwenye msingi wa taaluma ya afya aliyepitia mafunzo maalumu. Leo maduka haya yako chini ya Baraza la Famasi, kwa sheria ya mwaka 2011. Ubora wa dawa zenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyoitwa TFDA hadi 2019.

Adui wa kwanza wa dawa dukani ni joto. Dawa nyingi huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na chumba cha bati kisicho na dari hupita hapo kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana mkaguzi huanza kwa kutazama juu, kisha hutafuta kipimajoto ukutani na daftari la kuandikia joto. Daftari lenye nyuzi 25 mwezi mzima, kwa wino uleule, humweleza zaidi ya alivyokusudia mwandishi wake. Kwenye famasi zinazouza insulini, friji hutakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka.

Dawa hununuliwa kwa muuzaji wa jumla mwenye leseni, kwa stakabadhi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 ya tiba kati ya 10 ni duni au bandia, na kwa macho ni vigumu kuitambua. Kinachobaki mkononi mwa mwenye duka ni leja yenye namba ya toleo: TMDA ikitangaza kuondoa toleo fulani sokoni, asiye na leja hajui hata kama analo. Kabatini hutangulia kutoka dawa inayokaribia kuisha muda, si iliyotangulia kuingia. Iliyokwisha muda hutengwa, huandikwa, na huteketezwa chini ya usimamizi. Haitupwi shimoni nyuma ya duka.

Kazi ngumu iko kaunta. Majina hufanana: klopromazini ni dawa ya magonjwa ya akili, klopropamidi hushusha sukari, na mwandiko wa haraka huzikutanisha. Hata bahasha yenyewe ina mitego. Bahasha iliyoandikwa 1x3 husomwa “kimoja, kutwa mara tatu”, na neno hilo kutwa limewapotosha wengi. Kutwa ni mchana, kwa hiyo mgonjwa hubana vidonge vyote kati ya chai na chakula cha jioni, wakati dawa ilitaka saa 8 kati ya kimoja na kingine. Mtoa dawa mzuri hutaja saa.

Dawa mseto hudai maelezo zaidi. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa 8, zinazobaki asubuhi na jioni siku ya pili na ya tatu, na zote humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Mteja mwenye elfu moja huomba nusu dozi, muuzaji huchukua mkasi. Mwenye nusu huondoka na vimelea vilivyojeruhiwa tu, na mara nyingi tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo, zilizochapwa kwenye ncha moja ya karatasi ya vidonge, hubaki kwenye kipande kilichorudishwa kabatini.