Shujaa Wako Si Lazima Arudi na Zawadi

Wasee, tafuta YouTube jinsi ya kuandika riwaya na dakika mbili hazitaisha kabla hujaonyeshwa lile duara. Shujaa anaitwa, anakataa, anakutana na mzee wa kumshauri, anapigana, anarudi nyumbani na zawadi. Wengi tumelimeza kama sheria ya fizikia. Lakini duara hilo lina tarehe ya kuzaliwa.

Mwaka 1949 Mmarekani Joseph Campbell alichapisha kitabu chake kuhusu shujaa mwenye sura elfu moja. Alipekua ngano za dunia, akaazima wazo la Carl Jung, daktari wa akili kutoka Uswisi, kwamba binadamu wote tunabeba sura zilezile akilini: mama, mzee mwenye hekima, kivuli, yaani ile nusu yako usiyotaka watu waione. Miaka ya 80 Christopher Vogler, aliyekuwa akisoma miswada ya filamu Hollywood, akakifupisha kitabu hicho kuwa waraka wa kurasa chache. Waraka huo ndio babu ya hizo video.

Sasa cheki kwetu. 1951, miaka miwili tu baada ya Campbell, Shaaban Robert anatoa Kusadikika. Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Jina lake tayari linakuambia ni mtu wa aina gani, na anatoka kortini akiwa yuleyule aliyeingia. Safari ni za wengine. Vita viko nje, kati ya haki na majivuno, na adui wake anaitwa hivyo kabisa: Majivuno.

Halafu uhuru ukaja, watoto wa wakulima wakaingia chuo kikuu, na Euphrase Kezilahabi akahamisha vita. 1971 alitoa Rosa Mistika, riwaya iliyopigwa marufuku shuleni Tanzania. 1974 ikafuata Kichwamaji. Humo Kazimoto amesoma hadi chuo kikuu, na elimu hiyohiyo inamtenga na wazazi na kijiji. Hakuna zimwi la kuua. Kivuli ni yeye mwenyewe. Mwishowe anajiua, na hakuna zawadi inayofika nyumbani.

Kuna msee atasema hapo muundo umeharibika. Mimi naona Kezilahabi alikuwa mkweli kuliko duara. Duara linaahidi kwamba maumivu ni karo: lipa, utapewa cheti. Mimi niliacha kampasi, na kila shangazi anataka niseme ilikuwa sehemu ya mpango. Wakati mwingine hakuna mpango. Kijana anayesoma hadithi ambazo kila kidonda kinageuka medali, siku chake kikikataa kugeuka atadhani yeye ndiye mbovu. Hapo riwaya imemsaliti.

Si ati duara ni la kutupwa. 1996 Ken Walibora alitoa Siku Njema. Kongowea Mswahili anatoka Tanga, anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba yake. Simu, barabara, majaribu, kufika: Campbell angetabasamu. Lakini inashika kwa sababu swali la barabarani ndilo swali la moyoni. Mtoto asiyemjua baba anauliza, mimi ni wa nani? Kila kilomita inamsogeza karibu na jibu hilo. Ukitoa swali, inabaki safari ya matatu tu.

Kwa hivyo tuna mashujaa watatu: mmoja habadiliki, mmoja anavunjika, mmoja anapata. Wote ni wetu, na kila mmoja alizaliwa na swali la wakati wake.

Kabla ujaze vile visanduku kumi na viwili, jibu hili kwanza: mhusika wako anaogopa kujua nini kuhusu nafsi yake? Ukishapata, mwache atembee. Akirudi mikono mitupu, usimnunulie zawadi njiani.