Okidi, unyevu na upepo: somo la zamani kwa wakaaji wa Goma

Katika misitu ya Virunga, kaskazini mwa mji wa Goma, okidi nyingi hazioti udongoni. Zinashika matawi ya miti, na mizizi yake inabaki wazi hewani. Ukungu unailowesha, kisha upepo unaikausha.

Watunza bustani wa Uingereza walichelewa kuelewa jambo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 19 walipokea okidi nyingi kutoka nchi za joto. Walidhani kwamba huko ni moto na mvuke tu. Wakazifungia katika nyumba za vioo, wakawasha makaa ya mawe, wakaziba kila tundu. Mizizi ikaoza, okidi kwa maelfu zikafa.

Katika miaka ya 1830, Joseph Paxton, mkuu wa bustani ya Chatsworth, alibadili mpango. Alipunguza joto, akamwagia maji njia za ndani ili hewa ipate unyevu, akaruhusu hewa mpya iingie. Okidi zikachanua. Hata leo, sanduku la kioo la okidi huachiwa matundu ili hewa izunguke.

Historia hiyo inagusa pia familia zilizohama, zinazolala chini ya hema la plastiki. Usiku pumzi za watu hugeuka maji, hema linalowa ndani, blanketi zinaota kuvu. Matundu mawili ya juu, pande zinazoelekeana, yanasaidia kutoa unyevu. Lakini mbabula ya makala ibaki nje: sumu yake haionekani wala hainuki, na matundu hayo hayatoshi kuiondoa.