Askari ndani ya samaki

Pale Mbamba Bay tukipasua samaki huwa tunakwangua ile nyama nyeusi iliyobana uti wa mgongo na kuitupa. Kumbe ni figo! Samaki hana uboho kama wetu, hivyo askari wake wa damu hutengenezwa humo, upande wa kichwani.

Mwaka 1882 huko Messina, Italia, Elie Metchnikoff alimchoma mwiba kiti cha pweza mchanga, akaona seli zinauzingira. Akapata Nobel 1908. Vitabu vikafundisha kuwa seli B kazi yake ni kutengeneza kingamwili, kumeza bakteria waachiwe wengine. Mwaka 2006 seli B za samaki aina ya trauti zikakutwa zinameza bakteria zenyewe!

Nikishika chaki, nitawaambia wanafunzi: andikeni kwa penseli.