Barabara ya Tanzam na Miji Iliyokuzwa na Malori

Katika enzi ya ukoloni, mazao ya Iringa yalipelekwa kaskazini hadi Dodoma ili yapakiwe kwenye treni ya Reli ya Kati. Shaba ya Zambia nayo ilishuka kusini kwa reli, kupitia Rhodesia. Njia ya Morogoro, Iringa na Mbeya, iliyokuja kuitwa Tanzam, ilikuwa ya udongo na changarawe: vumbi kiangazi, tope masika.

Mambo yaligeuka tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rhodesia ilipojitangazia uhuru. Mwezi uliofuata Zambia ikakatiwa mafuta yaliyopitia Rhodesia. Mapipa yakaanza kupakiwa kwenye malori Dar es Salaam, na lori lililopeleka mafuta likarudi na shaba. Malori yalipinduka milimani au kukwama kwenye tope, hata njia hiyo ikaitwa ya jehanamu. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya malori, ZTRS. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968, mzigo wa mafuta ulipungua barabarani. Lami, iliyogharimiwa zaidi na Marekani na Benki ya Dunia, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Barabara hiyo ilijengwa kwa ajili ya Zambia, lakini waliovuna zaidi pengine ni watu wa kandokando yake. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yalipata njia ya moja kwa moja kwenda Dar es Salaam. Ilula ikajulikana kwa nyanya, na Ruaha Mbuyuni, bondeni kabla ya kupanda mlima Kitonga, kwa vitunguu vinavyopangwa barabarani. Makambako, panapochepuka barabara ya Njombe na Songea, pakawa mji wa maghala, gereji na nyumba za wageni. Mpakani na Zambia, Tunduma ikakua kwa foleni: dereva na utingo wake wakisubiri karatasi za forodha hula, hulala na hutengeneza gari, na kila siku ya ucheleweshaji ni hasara kwa mwenye lori na riziki kwa mama lishe. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kilikusudiwa kuifupisha subira hiyo.

Reli ya TAZARA kati ya Tanzania na Zambia ilipokamilika mwaka 1975, ilidhaniwa kuwa malori yangebaki na kazi ndogondogo. Ikawa kinyume. Treni hufuata ratiba na kuishia stesheni. Lori huchukua mzigo mgodini na kuushusha bandarini, na humilikiwa hata na mfanyabiashara mwenye gari moja. Ubovu wa vichwa vya treni ulimaliza ubishi. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haijawahi kufikia kiwango hicho, na shehena nyingi ya Zambia na Kongo ipitayo Dar es Salaam husafiri kwa malori.